Bi Kuku, Sehemu ya Pili

Mlio wenyewe haukuwa mkubwa. Mwalimu Imakulata alikuwa amewapa mgongo Kidato cha Pili, akiandika ubaoni mfano wa sentensi changamano, ndipo nyuma kabisa, karibu na dirisha, kuku akalia: ko-ko-ko, polepole, kama kuku anayetafuta mahali pa kutaga. Chaki ikasimama. Darasa likawa kimya, ule ukimya wa watoto wanaobana kicheko. Miaka ilikuwa imepita bila kuusikia mlio huo, tangu alipoomba uhamisho kutoka Newala kuja huku Lisekese, Masasi, na alikuwa ameshaanza kuamini kwamba hatausikia tena.

Alipogeuka aliuliza swali moja tu. "Mmeiona wapi?"

Macho ya wengi yalimwendea binti mmoja wa mstari wa mbele. Binti akainamisha kichwa. "Kwenye simu ya mama, mwalimu. Ni tangazo. Wanasema inakuja ya pili."

Imakulata alikuwa na miaka kumi na tisa, anasubiri matokeo ya mtihani, pale Fakihi, mchekeshaji wa Newala, alipoazima kamera na kutengeneza filamu aliyoiita *Posa ya Mnyambe*. Yeye alikuwa bi harusi. Bi harusi huyo ana njaa, ameiba kuku jikoni kwa wakwe na kumficha ndani ya kanga alizojifunika, na kila mshenga anapomuuliza kama anamkubali bwana harusi, anayejibu ni kuku. CD zake ziliuzwa Masasi, Tandahimba, hadi ng'ambo ya Ruvuma. Mwisho wa filamu palikuwa na neno moja, "Itaendelea". Haikuendelea. Fakihi akaishiwa, kamera ikarudi kwa mwenyewe, na miaka kumi na sita ikapita watu wakiulizana ile ya pili iko wapi.

Imakulata hakuwahi kuiona hata hiyo ya kwanza. Baba yake, katekista wa Lupaso, alisema hana mtoto anayeifanyia ndoa mzaha mbele za watu, na CD hiyo haikukanyaga nyumba yake. Binti akaenda chuo cha ualimu, akapangiwa kituo cha kwanza Newala, na huko ndiko alikojua kwamba jina lake la ubatizo limeshakufa. Aliitwa Bi Kuku sokoni, aliitwa Bi Kuku kwenye mkutano wa wazazi, na siku moja akisimamia mtihani, chumba kizima kilimlilia kikuku mpaka akatoka nje kulia mwenyewe.

Sasa alikuwa kaimu mkuu wa shule, na uteuzi wenyewe ulikuwa unasubiriwa. Jioni ile Yohana, mumewe, baba wa binti yao Ethel, alilipata tangazo kwenye simu, akamsogezea. Imakulata aliisukuma simu kando kabla picha hazijaanza.

"Nenda kamwone Fakihi," Yohana akasema. "Ongea naye kabla hajaionyesha."

Jumamosi asubuhi alipanda mlima kwenda Newala. Ukungu ulikuwa bado haujainuka, na wauza ming'oko, vile viazi vya porini, walikuwa wamejikunyata kando ya beseni zao. Fakihi siku hizi alikuwa akikodisha viti na spika za harusi. Alimkuta ameinama katikati ya viti vya plastiki, anavifuta kimoja kimoja kwa kitambaa. Mvi zilikuwa zimemjaa na tumbo limemtangulia.

"Shikamoo, kaka Fakihi."

"Marahaba, Mama Ethel." Hakuonyesha kushtuka. "Nilijua utakuja. Nilichoogopa ni kwamba utakuja na polisi."

"Bado sijaamua. Kile kipande changu kitoe."

"Leo?" Akaweka kitambaa chini. "Msambazaji ameshafika kutoka Dar. Anaitwa Alphonce. Ameniambia wazi, anaiangalia mara moja tu, hapa hapa, pamoja na watu. Akiona inauzika anaipeleka nchi nzima. Akiona haiuziki, mimi narudi kwenye viti vyangu."

"Na mimi narudi wapi? Ikienda nchi nzima, kila shule nitakayopelekwa nitamkuta kuku ameshafika. Nitaongoza walimu vipi?"

Fakihi akakiokota tena kitambaa. Kisha akasema, "Hujawahi kuiona."

"Sina haja nayo."

"Watu wamekaa muda mrefu, Mama Ethel. Nusu yao wamesahau na nusu walikuwa hawajazaliwa. Bila kukumbushwa, hii ya pili haisimami. Nikikutoa wewe nimetoa miguu."

"Basi usinitaje. Usiseme nilipo wala ninachofanya."

Kabla hajajibu, gari la kubebea viti likapiga honi nje, naye akatoka. Imakulata alibaki kati ya spika. Angeweza kurudi Masasi saa ile ile. Lakini aliona heri aujue ukubwa wa balaa kwa macho yake. Akajitanda kanga kichwani hadi usoni, na mchana akaingia ukumbini pamoja na watu, akaketi mstari wa nyuma karibu na mlango.

Ukumbi ulikuwa umejaa kiasi chake. Alphonce alikuwa mtu wa makamo aliyevaa koti zito, hakuzoea baridi ya Newala. Kiti chake alikigeuza ubavu, akawa anatazama watu badala ya kitambaa cheupe ukutani.

"Filamu iko huku," Fakihi alimwambia.

"Najua. Mimi kazi yangu iko huku." Akaonyesha watu. "Kichekesho kilichokawia kina tabu yake. Siku ya kwanza watu wanakuja kwa kumbukumbu, hata kikiwa kibovu. Siku ya tatu wanakuja kwa sababu jirani kawaambia. Mimi naitafuta hiyo siku ya tatu. Nikiikosa kwenye nyuso, naondoka."

Taa zikazimwa.

Ilianza vibaya. Fakihi wa kwenye filamu aliingia na mwendo wake ule ule wa kuchechemea, watu wazima wachache wakatabasamu, basi. Akatoa utani juu ya simu za kubonyeza. Akatoa utani juu ya mkwe mwenye deki ya kuchezea CD. Vijana wakainamia simu zao. Mwanamume mmoja alinyanyuka na kutoka, halafu mwingine, na kila mlango ulipofunguka mwanga ukaingia na kuonyesha viti vilivyobaki wazi.

Inabuma, Imakulata alijiambia, na mwili wake wote ukalegea kwa nafuu. Ingekufa hapa hapa, Jumamosi hii, na Jumatatu angeandika sentensi ubaoni bila wasiwasi.

Kisha akamwona Fakihi. Alikuwa amesimama ameegemea ukuta, midomo inacheza. Alikuwa anayasema maneno pamoja na filamu, nukta moja kabla ya kila utani, halafu anatulia na kungoja. Kicheko hakiji. Anaanza tena, anangoja tena. Imakulata alikuwa mwalimu, alikujua kungoja kwa namna hiyo, pale unapouliza swali na darasa zima linakutazama tu. Ile nafuu ikamtoka.

Ndipo bi harusi akatokea.

Picha ilikuwa hafifu, ya zamani. Msichana amekaa mkekani, amefunikwa kanga, mshenga amejiinamia mbele yake. "Binti, unamkubali?" Ko-ko-ko. Ukumbi ukashtuka. Mshenga akarudia kwa sauti ya juu. Kuku naye akapandisha sauti. Kicheko kilianzia kwa wanawake wa katikati, kikasambaa kama moto wa majani makavu, na vijana wakainua vichwa kutoka kwenye simu kuuliza kuna nini, nao wakanaswa. Mama mmoja jirani yake alimshika Imakulata paja, akicheka hadi machozi, wala hakumtazama ni nani aliyemshika.

Imakulata hakucheka. Alikuwa anamwangalia yule msichana. Alikuwa ametegemea kuona aibu, mtoto aliyedanganywa akachezewa. Aliyemwona hakuwa huyo. Yule msichana aliutuliza uso kama yuko kanisani, akamtazama mshenga machoni, na mara moja tu, mara moja, jicho likashuka kwa kuku na kurudi. Hapo ndipo watu walipolipuka. Yule msichana alikuwa anajua anachofanya.

Halafu picha ikakatwa. Fakihi mwenye mvi akarudi na utani wake wa simu, na kicheko kikafa kama mtu kafunga mlango.

Filamu ilipoisha watu walitoka upesi. Imakulata alibaki kwenye kiti chake. Alphonce alijinyoosha.

"Kaka, nikufiche nini," alimwambia Fakihi. "Newala siku mbili, Masasi siku mbili. Kwingine hapana. Umecheza vizuri, lakini hakuna atakayemwambia jirani." Akafunga begi lake. "Yule binti wa kuku ni nani?"

"Wa zamani."

"Nimeona ni wa zamani. Yuko wapi? Nikimpata huyo, jibu langu ni jingine kabisa."

Fakihi aliinua macho. Yaliruka safu zote za viti vitupu, yakamkuta Imakulata kwenye kanga yake, yakatulia hapo kidogo. Kidole kimoja tu kingetosha.

"Sijui," Fakihi akasema. "Aliolewa upande wa Msumbiji. Tumepoteana."

"Bahati mbaya yako," Alphonce akasema.

Fakihi akaanza kukusanya viti. Aliviingiza kimoja ndani ya kingine, bila kugeuka tena nyuma. Mlango ulikuwa hatua chache tu kutoka kwa Imakulata, na nje palikuwa na gari la kurudi, uteuzi wake, Jumatatu yake. Alisimama. Akaishusha kanga mabegani.

"Ni mimi," alisema.

Alphonce aligeuka. Alimtazama kwanza kama anatazama mwalimu wa mtu, kisha akaanza kumtambua.

"Mama Ethel, hukulazimika," Fakihi akasema kwa sauti ndogo.

"Najua." Akasogea mbele. "Sitaigiza tena, hilo nalisema mapema. Nina kazi yangu na naipenda. Lakini kile kipande mmekikata. Mshenga anauliza mara ya tatu, na mara ya tatu mimi najibu 'ndiyo' kabla ya kuku, kwa sauti ya kuku. Mwisho wake ndio huo. Nakumbuka siku ile mpiga kamera alishindwa kushika kamera."

"Kilikuwa kirefu," Fakihi akasema.

"Kirudishe chote, ukiweke mwanzo. Watoto hawa hawajui wanachekea nini. Waonyeshe kwanza, halafu uwaombe wacheke."

Alphonce alikuwa ameliweka begi chini. "Na wewe unataka nini?"

"Jina langu liandikwe. Si Bi Kuku. Imakulata Mrope, kama nilivyobatizwa."

Alphonce alikubali kujaribu Masasi, lakini utabiri wake hakuubadilisha: siku ya kwanza itajaa, ya pili nusu, ya tatu viti vitupu. Fakihi alikaa na filamu yake wiki kadhaa, akikata utani wa simu na kurudisha harusi. Ilionyeshwa Desemba, wakulima wakiwa wamemaliza kuuza korosho. Siku ya kwanza watu walibaki nje. Siku ya pili walipungua, kama alivyosema.

Siku ya tatu Imakulata alikwenda mwenyewe, akasimama na Fakihi mlangoni. Saa ya kuanza ilikaribia na ukumbi ulikuwa na watu wa kuhesabika. Alphonce alikuwa kwenye gari lake, kioo kimeshushwa. Fakihi aliuliza kama waanze tu. "Ngoja," Imakulata alisema. Kisha likaja lori kutoka Lulindi, limejaa akina mama waliokuwa kwenye semina ya kanisa, wanashuka wakibishana nani aliyeisikia habari hii kwanza. Nyuma yao bodaboda zikafuatana, na kwenye mojawapo alikaa mzee amevaa koti la Jumapili. Imakulata alimtambua kwa namna alivyoshika kofia.

Baba yake alimpita, akaingia ndani. Alikaa safu ya pili. Kwa muda wote filamu ilipokwenda, Imakulata aliangalia kisogo chake, naye hakuweza kukisoma. Watu walicheka mpaka projekta ikatikisika mezani. Kile kisogo hakikutikisika.

Baadaye alimfuata nje. "Shikamoo, baba."

"Marahaba." Mzee alikuwa anaikunja na kuikunjua kofia yake. "Yule kuku ulimtoa wapi?"

Swali hilo hakulitegemea. "Mama alinipa."

"Nilimtafuta wiki nzima," mzee akasema. "Nikamgombeza jirani yetu Apolinari wa watu, nikimwita mwizi, mpaka akahama shamba." Akatazama pembeni, mabega yakaanza kumtikisika, na ilimchukua Imakulata muda kuelewa kwamba baba yake anacheka.

Masasi iliendelea hadi baada ya Mwaka Mpya, na Newala vivyo hivyo. Alphonce alikiri kwamba alikosea, akaipeleka Dar kwa matumaini makubwa, na huko akakosea tena. Haikumaliza wiki. Uteuzi wa mkuu wa shule alipewa mtu kutoka Kagera. Hakuna aliyesema ni kwa sababu ya filamu, na Imakulata hakuuliza, ingawa siku nyingine, akimkabidhi mkuu mpya funguo za stoo, alihisi kwamba sababu anaijua. Darasani kuku alilia karibu muhula mzima. Kisha watoto wakachoka.

Fakihi alimpigia Machi. Alianza mbali, kwa habari za mvua na mikorosho, akafika kwenye sehemu ya tatu. Alisema ana wazo juu ya bi harusi yule ambaye sasa ni mama mkwe.

Imakulata alisikiliza hadi mwisho. Hakusema ndiyo. Alimwambia ana madaftari ya kusahihisha, na kwamba apige tena baada ya mitihani.