Mgonjwa wa Serikali

Pale Mbugangari, mtaa wa Gisenyi, Languida ndiye aliyekuwa wa kwanza kuiamini komite ya kupambana na pombe, na imani hiyo ndiyo iliyomponza.

Komite yenyewe ilitangazwa sokoni Gisenyi mwaka wa hamsini na nne, watu walipotoka misa ya Jumapili. Bwana wa teritwari, yaani mkuu wa wilaya, Mbelgiji mmoja mwenye shingo nyekundu, alipanda juu ya meza akahutubia kwa Kifaransa, na karani Eliezer akafasiri. Amri imetoka Usumbura, makao makuu ya serikali, alisema. Pombe kali ya kanyanga inaimaliza nchi. Siku zote kila mmoja amepambana nayo kivyake: padri akikemea, polisi wakivunja mitambo ya kuitengeneza, daktari akitibu maini yaliyooza. Sasa padri, polisi, daktari na machifu watakuwa komite moja, mkono mmoja, toka Usumbura mpaka kilima cha mwisho.

"Na munywaji," Eliezer akamalizia kwa sauti ya juu, "haiko mwizi. Ni mugonjwa. Mumulete, serikali itamuponyesha."

Watu walicheka chini kwa chini. Languida hakucheka. Kwa muda mrefu alikuwa ameambiwa kwamba mumewe ni mvivu, ni mpumbavu, amerogwa. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba anaumwa tu, kama wanavyoumwa watu wengine.

Phocas, mumewe, alikuwa mtu wa mashua. Alikuwa akivusha magunia ya kahawa ziwani mpaka Bukavu, na alikuwa na mizaha ya kuwavunja mbavu hata walinzi wa forodha. Kanyanga alianza kuinywa kukata baridi ya maji, na mwishowe ikawa yenyewe ndiyo inayomnywa yeye. Wenye mashua walimwacha. Asubuhi mikono ilimtetemeka hata kikombe hakishiki. Languida alimshikia, akamnywesha funda la kwanza kama anayenywesha mtoto dawa, ndipo mtetemeko ukatulia. Alilichukia funda hilo, na alilitafuta kila siku.

Jirani yake Saidati, mke wa fundi cherehani, alimkuta akifunga kitenge cha kutokea.

"Usiende, dada. Serikali inajua kufunga. Kuponyesha, mi sijaona."

"Walisema mbele ya watu wote, Saidati. Mbele ya padri."

"Bon, sawa," Saidati akasema. "Walisema."

Languida alikwenda kwa sushefu Bizimana, chifu mdogo aliyekuwa macho na masikio ya komite katika mtaa. Bizimana alimsikiliza, akamsifu, akamwita mama mwenye akili. Kesho yake mchana polisi wawili waliingia, wakamkuta Phocas amelala kwenye mkeka. Hakupigana. Aliinuka akivuta suruali yake, akamtazama mkewe.

"Languida, wananipeleka wapi?"

"Kwa daktari, mume wangu. Utarudi muzima."

Akacheka kidogo, kile kicheko chake cha zamani. "Donc, basi nioge kwanza, daktari asikimbie harufu."

Hawakumpa nafasi ya kuoga.

Languida alipofika hospitali na viazi vya mumewe, Phocas hakuwako. Muuguzi alimweleza kwamba walevi hawapokelewi bila karatasi ya sushefu. Alikimbia kwa Bizimana. Bizimana akasema karatasi haitoki kwake, inatoka kwa bwana wa teritwari. Ofisini kwa bwana akaambiwa kwamba nyumba ya kutibia walevi daktari hajajengewa bado, fedha zinangojewa Usumbura. Lakini asiwe na wasiwasi, mumewe yuko mahali salama. Ndivyo alivyojua kwamba Phocas yuko gerezani.

Alimwona kupitia nondo za mlango. Jasho lilimtiririka, taya zilikuwa zinagongana. Hakumtambua mkewe. Alikuwa akipangusa kifua chake kwa viganja, kwa haraka, bila kupumzika.

"Samaki," alisema. "Toeni hawa samaki. Wananiingia mudomoni."

"Bwana," Languida akamwambia askari wa zamu, "anakufa. Mumupe kidogo tu, funda moja, atatulia. Mi namujua."

"Kanyanga? Hapa?" Askari alimtazama kana kwamba ametukanwa. "Mama, we ndiye ulimuleta sababu ya kanyanga."

"Basi mumwite daktari."

"Daktari anakuja akiitwa na bwana. Bwana iko safari."

Alikwenda tena hospitali, akamngoja daktari nje mpaka daktari akatoka. Daktari alimsikiliza, akakunja uso. Alionekana mtu mwema. Akasema mfungwa ni wa gereza, ila ataandika barua. Barua ilipojibiwa, Phocas alikuwa amekwisha kuzikwa, na wafungwa wenzake ndio waliomchimbia kaburi.

Miezi ilipita. Mgeni mkubwa akaja kutoka Usumbura kukagua kazi ya komite. Mitambo ya kanyanga ilirundikwa sokoni, ikachomwa moto mbele yake. Bizimana alimfuata Languida nyumbani: mgeni angependa kumsikia mke aliyeisaidia serikali. Saidati alidhani atakataa. Languida alivaa kitenge chake akaenda.

Alisimama mbele ya viti vya wakubwa, moshi ukimchoma macho.

"Mulisema ni mugonjwa," alisema. "Nikawaamini, nikawapa mume wangu mukononi. Sushefu akanituma kwa bwana, bwana akaniambia ningoje Usumbura, daktari akaandika barua. Wote mulikuwa mukono moja, na ule mukono haukumushika. Alikufa kama mbwa kwenye sementi. Mi nataka munijibu: nilimuleta kwa nani?"

Eliezer alikohoa, akageukia viti, akasema maneno ya Kifaransa, machache kuliko ya Languida. Mgeni akatabasamu. Akainuka, akampa Languida mkono, akautikisa sana. Wakubwa wakapiga makofi.

Languida alimkuta Eliezer nyuma ya ofisi, akifungua kola ya shati.

"Umewaambia nini?"

Karani hakumtazama. "Kwamba unashukuru. Kwamba unaomba wamama wengine wafanye vile ulifanya."

"Eliezer!"

"Mi niko na watoto, mama. Na we ungefungwa. Nilikuponyesha."

Languida alimtemea mate miguuni. Eliezer akayaacha pale, wala hakusogeza kiatu.

Kesho yake Languida alipanda kilima kwenda Kanzenze, kwa Mukankusi, mama yake Phocas. Tangu msiba hakuwa amethubutu kukanyaga huko. Kizee alikuwa shambani akipalilia maharage. Languida alipiga magoti kwenye tuta akamsimulia yote, tangu neno la sokoni hadi makofi ya wakubwa, bila kujipunguzia hata kidogo. Mukankusi aliegemea jembe lake, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Uliwaamini," akasema.

"Niliwaamini, mama."

"Mi ningemuficha," Mukankusi akasema, akainama tena kwenye maharage yake.