Printa Sebuleni, Mzee Chumbani

Tangu Mzee Nzioka apatwe na kiharusi, Irungu alikuwa akisalimiana na ukuta. Kila Jumamosi alifunga duka lake la saruji na misumari pale Tulia, akaja Migwani kwa wakwe zake, akaketi sebuleni kando ya kompyuta kuukuu na kupaza sauti: habari ya wiki, Baba? Upande wa pili, chumbani, Mzee aligonga ubao wa kitanda mara moja. Mara moja ilikuwa ndiyo, au njema, au bado nipo. Mara mbili ilikuwa hapana. Maneno yenyewe kiharusi kilikuwa kimeyachukua, pamoja na mkono wa kulia, na kalamu katika mkono wa kushoto ilitoa mikwaruzo mitupu.

Kuingia chumbani hakukuwezekana. Hicho kilikuwa chumba cha mama mkwe, na mkwe haingii humo. Wakamba huiita nthoni, ile heshima yenye aibu ndani yake, na Mama Ndinda aliishika kwa mikono miwili. Alikuwa mwenyekiti wa akina mama kanisani, ameokoka wa kuokoka, lakini wokovu ulimkuta na nthoni yake ukaiacha palepale. Mzee naye alikataa katakata kubebwa hadi sebuleni kama gunia la ndengu. Heshima si utumwa, husema watu. Sawa, lakini hakuna aliyewahi kusema si ukuta.

Na wawili hao walipendana. Irungu alitoka Murang'a, ng'ambo ya Tana, na alipomwoa Katunge, shangazi kadhaa walinuna mpaka pilau ikapoa. Mzee peke yake ndiye aliyemvutia kiti mbele ya kompyuta akamwambia, njoo nikuonyeshe kitu. Alikuwa karani mstaafu, na kwa miaka mingi ndiye aliyechapisha karatasi ya nyimbo ya kanisa. Kila alichojua Irungu kuhusu kompyuta alifundishwa na mzee huyo, kwa kelele na kejeli. Mama mkwe ndiye aliyemtia shaka. Katika ndoa yote ya Irungu hakuwahi kumwambia zaidi ya karibu chai, tena akitazama kando, na Irungu aliamini moyoni kwamba mama huyu hakumtaka. Jambo hilo lilimuuma kuliko alivyomwambia mkewe.

Sasa watu kanisani walisoma nyimbo kwenye simu, na Mzee alikuwa amegeuza uso ukutani. Hata uji alianza kuukataa. Katunge, ambaye ni muuguzi Kitui mjini, akapata wazo: laptop ya zamani iwekwe kitandani, Mzee aandike kwa kidole cha kushoto, na printa iliyo kwenye kompyuta ya sebuleni ichapishe. Angesaidia kwa kwenda huku na huku, lakini siku yenyewe akaitwa kazini. Wakabaki Irungu sebuleni, Mama chumbani, na waya mmoja uliopitishwa kwenye tundu la hewa juu ya ukuta.

Mwanzoni laptop haikuiona kompyuta kabisa. Irungu akauliza kama kile kitaa penye waya kinawaka. Ndipo Mama, ambaye leo hakuwa na wa kumsemea, akajibu kwa sauti ya mtu anayeomba mbele ya kanisa zima: kinawaka, cha kijani. Irungu alikaribia kuangusha kikombe. Akamwomba asome jina la kundi, lile linaloziambia mashine kwamba ni za nyumba moja, naye akalisoma herufi moja moja. Kumbe laptop ilikuwa bado inajihesabu kuwa ya shule iliyoiuza. Akamwelekeza alibadilishe, aizime, aiwashe tena. Walipokosea, Mzee aligonga mara mbili, wakarudi nyuma kama wanafunzi.

Hatimaye jina la kompyuta ya sebuleni likatokea kwenye laptop. Mama akalibonyeza. Mashine ikataka neno la siri. Sasa neno la siri litoke wapi? Mzee hakuwahi kuiwekea kompyuta yake neno lolote. Katika boma lile hata geti halikufungwa mchana. Mama akapaacha patupu, akabonyeza. Ikakataa. Akarudia, ikakataa tena.

Irungu akakuna kichwa. Imeunganishwa, inaonekana, haina kufuli: mbona basi haingiliki? Akaanza kukisia kwa sauti. Labda waya. Mzee akagonga mara mbili. Labda printa. Mara mbili tena, na safari hii kwa hasira. Labda ni hilo neno la siri, kwamba halipo? Mzee akagonga mara moja, kwa nguvu iliyoyumbisha picha ya harusi ukutani.

Ndipo somo la zamani likamrudia. Mashine hizi zisipokuwa na neno la siri humkubali aliyeketi mbele yake tu. Anayekuja kwa waya humfukuza. Lazima neno liwekwe, kisha mgeni aambiwe. Irungu akaweka jina la binti yake, mjukuu wao, akalitamka kuelekea ukutani: Ciku, herufi ndogo zote. Mama akaandika. Printa ikaonekana.

Mama akasogea dirishani na chai yake, amwachie mzee kazi yake. Vitufe vikaanza kulia, kimoja, halafu kingine baada ya muda mrefu. Irungu alingoja wimbo. Printa ikanguruma, ikatoa karatasi, naye akaisoma kwa sauti kabla hajaielewa:

"Irungu. Mletee mama blanketi. Ndipo uingie."

Chumbani kikombe kikawekwa chini.

"Wewe mzee umeniaibisha," Mama akasema. Kisha, taratibu, akaugeukia ukuta. "Baba Ciku. Kwani hukuambiwa?"

"Kuambiwa nini, Mama?"

"Hii nthoni iko na mlango. Mkwe akileta blanketi, inaisha, anaingia. Mimi nimengoja hiyo blanketi tangu harusi. Nikasema, huyu wa Murang'a hataki nyumba yangu. Na mimi siwezi kuomba mkwe kitu."

"Mimi nilidhani ni wewe hunitaki," Irungu akasema.

Asiyeuliza hana ajifunzalo, lakini utaulizaje jambo usilojua kwamba lipo? Katunge alikulia shule za bweni, hakulijua. Mzee ndiye aliyestahili kumwambia, akawa anaahirisha kama wanaume wanavyoahirisha, mpaka kiharusi kikamtangulia. Alikuwa amelala humo miezi yote, anamsikia mkwe wake akisalimu ukuta, na jibu limemkaa kooni.

Irungu akatoka kwenda sokoni karibu akikimbia. Alichagua blanketi zito kuliko yote, jekundu la maua, akalipa bila kupatana bei, jambo ambalo muuza saruji halifanyi. Aliporudi, Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba, amebadilisha leso. Irungu akampa kwa mikono miwili. Mama akalipokea kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza akamtazama usoni, machoni kabisa. Macho yake yalikuwa yamelowa. Akampisha.

Mzee alikuwa amekonda kuliko Irungu alivyofikiri. Irungu alipiga magoti kando ya kitanda, akaushika ule mkono mzima, akalia bila kujificha. Mama akalitandaza blanketi miguuni pa mumewe, akilinyoosha mahali ambapo hapakuwa na mkunjo. Baada ya muda Mzee akauchomoa mkono wake, akauburuta hadi kwenye laptop, akaanza tena kubonyeza, kidole kimoja, bila haraka.

Sebuleni printa ikanguruma. Irungu akafuta macho, akaenda kuchukua karatasi.

"Umechelewa," ilisema. "Keti."

Akarudi chumbani, na Mama alikuwa ameshamwekea kiti.