Baiskeli ya Walioridhika

Maneno yalianzia kwenye meza ya pasi, na mama mmoja mpiga pasi wa hospitali hakuweza kuyatoa kichwani: ati lile duka jipya linakopesha baiskeli za umeme kwa watu walioridhika na maisha tu. Mwenye uso wa kununa anarudi mikono mitupu.

"Wewe ukienda na uso huo, utapewa pampu," fundi wa mashine za kufulia alimtania. Wenzake wakacheka hadi wakaacha pasi.

Yeye hakucheka. Kutoka chumbani kwake hadi hospitali, alikopiga pasi mashuka ya wagonjwa, ni mbali. Miguu ilishavimba, na msimamizi alishamwambia: "Ukichelewa tena, usivue hata viatu. Geuka, rudi nyumbani."

Jumamosi akajipaka mafuta, akaenda dukani na bintiye.

"Mama, umeridhika na maisha?" kijana wa duka aliuliza, macho kwenye simu.

"Sana, mwanangu."

"Unapenda mambo mapya?"

"Mno."

"Umeme nyumbani?"

"Upo."

Binti akamvuta gauni. "Mama, si mwenye nyumba alikataza hata pasi?"

Masikio yakamwaka. Kijana akatabasamu. "Usijali. Mtu aliyeridhika hakosi pa kuchajia." Akampiga picha mama akicheka, funguo za baiskeli mkononi.

Mwanzoni ilikwenda vizuri kwa chaji iliyotoka nayo dukani, hata fundi alimpigia saluti. Kisha asubuhi moja chaji ikaisha katikati ya mlima, na baiskeli ile ikawa nzito kama ng'ombe aliyegoma. Akaisukuma, binti na sare zake za shule akisukuma nyuma.

"Mama, unaisindikiza wapi?" mpita njia akapaza sauti.

Alipofika, pasi zilishapata moto. Msimamizi aliitazama baiskeli. "Una hiyo, na bado unachelewa?"

Angesema chaji imeisha, wangeuliza kwa nini hachaji. Akanyamaza. Wenzake wakainamia mashuka. Akageuka na viatu vyake miguuni.

Getini binti alikuwa bado ameishika baiskeli.

"Mama, yule kaka wa duka akituuliza tena, tuseme bado tumeridhika?"

"Hapana," mama akasema. "Safari hii sema kweli, na useme kwa sauti."

Wazazi wenzangu, epukeni haya:

Duka linalouliza furaha yako, wala halijali utachajia wapi.

Kucheka kwenye picha ya mtu anayekukopesha.

Kusema uongo mwanao akisikia.

Kunyamaza mbele ya msimamizi.

Kuona haya peke yako, wakati waliokukopesha hawaoni haya.