Sahani Tatu za Mzee Bethwel

Wiki nzima kabla ya siku hiyo, Bethwel Kiptum alikuwa akifanyia mazoezi viazi. Binti yake Janeffer alimpa uma mkono wa kushoto, kisu mkono wa kulia, akamwambia, "Baba, usirambe kisu, usimwelekezee mtu uma, na usiongee ukitafuna." Kiazi cha kwanza kiliruka kikampiga jogoo mlangoni, na watu wa Kapkatet wanasema jogoo huyo aliwika kwa kigugumizi hadi Pasaka. Lakini kufika Jumamosi mzee alikuwa anakata kiazi vipande vinane bila kukwaruza sahani. Vidole vilivyochuna majani chai miaka arobaini vishindwe na chuma kidogo?

Chakula kilikuwa hotelini, mjini Kericho. Mwenyeji alikuwa Ndung'u, mwenye duka la mabati na misumari kule Chepseon, ambaye kijana wake Morris alitaka kumwoa Janeffer. Mengine yote yalikuwa yamesemwa na kumalizwa nyumbani. Kilichobaki ni kimoja tu: Bethwel ataje siku ya harusi kwa mdomo wake, mbele ya familia zote mbili. Bila neno lake hakuna harusi, na hilo kila mtu mezani alilijua.

Nyama ikaja. Bethwel akakata kipande, akakitia mdomoni. Ilikuwa laini hivi kwamba alishuku ng'ombe mwenyewe alikuwa ameokoka. Kabla hajakata cha pili, Ndung'u akasimama kuwakaribisha wageni. Sasa, mtu aliyelelewa vizuri hatafuni chakula wakati mwenye karamu amesimama. Bethwel akalaza uma na kisu juu ya sahani, ubavu kwa ubavu, kama mtu anavyolaza jembe na panga akitoka shambani, akamsikiliza. Alipoinama tena, sahani haikuwepo. Mhudumu, mama wa makamo aliyeandikwa Molly kifuani, alikuwa anaingia nayo jikoni.

"Mzee, mbona uko bure?" Ndung'u akauliza. "Mletee muthoni wangu chakula," akasema, akimwita mkwe kwa Kikuyu chake.

Ya pili ikaja. Bethwel akaonja.

"Nasikia mvua ya mawe iliwapiga vibaya huko kwenu," Ndung'u akasema.

Habari ya mvua ya mawe haisimuliwi na mikono imeshika vyuma. Bethwel akavilaza pamoja, vizuri, akaonyesha ukubwa wa jiwe moja tu, kichwa cha beberu, lililotoboa bati, likapita kitanda, na mahali lilipoangukia siku hizi wanachota maji. Mikono iliporudi mezani ilipapasa kitambaa kitupu.

Hasira ilianzia tumboni, maana tumbo ndilo lililoelewa kwanza. Akatazama huku na huku. Ndung'u na bibi yake wanatafuna. Morris anatafuna. Mke wake mwenyewe, Mama Janeffer, aliyeitisha kijiko bila aibu, anakomba mchuzi na hakuna anayemgusa. Ni yeye peke yake. Basi ni mpango. Watu wanataka binti, lakini baba arudi nyumbani na harufu ya nyama tu.

Ya tatu ikaja. Kipande cha kwanza kilikuwa nusu ya safari Ndung'u aliposema, "Haya, mzee. Tutajie siku."

Jambo zito namna hiyo halijibiwi na nyama hewani. Bethwel akakirudisha, akalaza uma na kisu pamoja, akafungua mdomo. Mkono wa Molly ukapita begani mwake.

Safari hii aliushika ukingo wa sahani. Molly akavuta kwa adabu. Bethwel akavuta bila adabu. Mchuzi ukaruka hadi kwenye tai ya Ndung'u.

"Ndung'u," akasema, na neno mzee akaliacha nje. "Nimekula kwa maskini, wakanipa ugali na chumvi, na hakuna aliyeninyang'anya."

"Sijakuelewa, Mzee Bethwel."

"Utanielewa. Mara tatu unanipa chakula mbele ya watu, mara tatu unatuma mtu akichukue. Hata mbwa huachiwa mfupa. Hakuna siku. Hakuna harusi. Mama Janeffer, chukua mkoba twende."

"Wacha nimalize kwanza," mke wake akasema.

Molly hakuwa ameachilia sahani. "Lakini mzee, si ni wewe ulisema umeshiba?"

"Mimi? Tangu nikae hapa nimekuambia neno gani?"

"Umelaza uma na kisu pamoja. Kwa kazi yetu hiyo ni kusema nimemaliza, ondoa. Kama bado unakula unaviachanisha, hivi, kama paa la nyumba. Hata nimewaambia jikoni leo tuna mzee wa adabu ya wazungu, anaonja tu."

Bethwel akamgeukia binti yake. "Ulijua hii maneno?"

"Nilijua, baba."

"Na viazi wiki nzima?"

"Viazi ulikuwa unamaliza bila kupumzika. Hatukufika hapo."

Ndung'u alikuwa anafuta tai, na uso wake sasa ulikuwa umekunjamana. "Mimi pia sikujua hayo mambo ya paa. Lakini umeniita mnyang'anyi mbele ya bibi yangu. Kama hakuna harusi, basi hakuna."

Hasira ya Bethwel ikakosa mahali pa kukaa. Ikazunguka meza kama nyuki, ikarudi kwa mwenyewe. Kuomba msamaha? Mdomo ulikuwa umefungwa kwa kufuli, na ufunguo sijui ulianguka kwenye mchuzi. Janeffer alikuwa amekaza taya vilevile kama yeye. Huyo hatabembeleza mtu.

"Mzee, niende nayo ama niache?" Molly akauliza.

Bethwel akaichukua sahani, akaiweka mbele yake. Akashika kisu, akashika uma. Akaviegemeza huku na huku, ncha zikigusana, paa kamili, kisha akakunja mikono kifuani.

Ndung'u alilitazama lile paa.

"Wacha sahani, mama," akasema hatimaye. "Mzee bado anaendelea."

"Jumamosi ya pili ya Desemba?" Morris akauliza polepole.

Bethwel akatazama nje dirishani. "Mimi sijasema kitu."

"Ndiyo, hujasema," Ndung'u akajibu, tai ikidondosha mchuzi. "Tumeona."

"Na hii nyama imepoa," Bethwel akasema kwa ukali, akaanza kukata.