Lenzi ya Chumba cha Dada

Mama yao hakuweza tena kusafiri, ila alitamani kuona japo kwa picha chumba anachoishi binti yake mkubwa mjini. Mdogo mtu, fundi cherehani, akabeba kamera yake kuukuu, akaenda kutafuta lenzi ya bei nafuu.

“Chukua hii ndefu, shangazi,” muuzaji akamshawishi. “Inavuta hata ndege aliye angani.”

“Ndege sina udugu naye.”

Akavua futi yake shingoni, akapima sakafuni mita tatu kamili, kama pazia alilomshonea dada yake, la ukuta hadi ukuta wa chumba chake.

“Simama hapo, mwanangu.”

Kwa lenzi ndefu aliona pua tupu. Kwa nyingine fupi, ya bei ya chini, muuzaji alitokea mzima, kofia mpaka kandambili.

“Nifungie hii. Mama atauliza mpaka kitanda kimetandikwaje.”