Kasigau Iliyogeuzwa

Bwana Derrick alitoka Nairobi kuja chuoni kwetu Voi kutufundisha namna ya kulinda kazi zetu za usanifu. Somo zuri, sikatai. Lakini mchana akatuambia kila mmoja atengeneze nembo ya asali ya Kasigau, yenye mchoro wa mlima wetu huo, kisha akapitisha flashi. "Niwekeeni faili zenyewe, si picha. Nitazisahihisha nikifika nyumbani."

Faili zenyewe za nini? Kusahihisha, picha inatosha; faili yenyewe ni ya mtu anayetaka kuitumia kazi! Nikamtazama mwalimu wetu, Madam Christabel. Yeye alikuwa anapiga makofi tu. Wenzangu wakaweka. Mimi nikaugeuza mlima kwanza, kilele kikahamia upande usio wake, ndipo nikaweka. Mtu wa huku angeona mara moja.

Masahihisho hayakuja. Miezi mitatu baadaye, katika duka moja Maungu, nikakuta chupa ya asali yenye nembo yangu. Mama mwenye duka aliitazama, akautazama mlima wenyewe nje ya mlango wake, akacheka.

"Mwenye nembo hii hajawahi kufika huku."

"Amefika, mama," nikamwambia. "Alikuja kutufundisha kulinda kazi zetu."