Marahaba ya Sami

Mimi simo kati ya wale wanaosema kila kipya ni haramu. Mwanangu Hamoudi alipomletea bintiye, Adila, miwani ya VR, ile ya kuchezea michezo ya mtandaoni, kutoka Maskati, nami niliivaa. Samaki wakanipita puani, nikapiga ukelele, nyumba nzima ikacheka. Nikasema sawa, mtoto acheze.

Ila akaanza kuchezea chumbani, mlango kaurudisha. Alasiri moja nampelekea vitumbua, namsikia anasema: "Niko peke yangu. Yupo bibi tu, bibi hahesabiki."

Hahesabiki! Mimi niliyemlea tangu mama yake afariki!

"We, unaongea na nani?"

"Na Sami, bibi. Ana miaka tisa kama mimi. Tunajenga nyumba humu ndani."

Sauti iliyotoka kwenye miwani ilikuwa nyembamba kweli, ya kitoto. Lakini nikajiuliza: Mtoto gani wa miaka tisa anamuuliza mwenzake yuko na nani nyumbani? Watoto huulizana mmepika nini.

Nikamvua miwani, nikavaa mimi. Mbele yangu kasimama kikatuni cha mvulana mwenye kofia nyekundu. Nikabana pua, nikamwamkia, mimi na mvi zangu:

"Shikamoo."

Mtoto angecheka. Angesema, "We Adila una wazimu, unaniamkia mimi?" Huyu ulimi ulimtangulia.

"Marahaba, mwanangu," akajibu, kwa sauti ile ile ya kitoto.

"Mwanao nani, mwanaharamu mkubwa we!"

Kofia nyekundu ikatoweka.

Hamoudi alikuja mbio kutoka dukani. Alimfungia yule Sami, akazuia wageni wote, kisha akaenda kutoa taarifa polisi. Sasa miwani inavaliwa sebuleni, sauti ikisikika kwa kila mtu, na Adila anacheza na binamu zake tu.

Siku ile alilia sana. Nikampakata, nikamwambia, "Huna kosa, mjukuu wangu. Mwenye kosa ni yule mtu mzima. Hebu niambie, alikuuliza nini kingine?"

"Tunakaa wapi."

"Ukamwambia?"

Akajificha kifuani kwangu. "Kaole, nyuma ya msikiti. Nyumba yenye mlango wa kijani."

Yaa Rabi! Kaole yenyewe kiganja, mgeni haulizi mara mbili.

Mlango tumeupaka buluu. Na kila alasiri, Adila akicheza, mimi naketi barazani mbele ya mlango. Anayekuja aje, atanihesabu.